Mwenda Jean Bosco: Mwana wa Bayeke aliyelifanya gitaa moja liseme kwa sauti mbili

Na Mwandishi Wetu, Ujiji

JINA la Ujiji likitajwa, wengi hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni mkutano wa Dk. David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mwaka 1871. La pili ni misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyofika hapa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika baada ya mwendo wa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora.

Lipo jambo la tatu ambalo halijajengewa mnara. Biashara ile haikuvusha bidhaa peke yake. Ilivusha lugha, ngoma, nyimbo za wapagazi, na watu ambao walikwenda ng'ambo wasirudi tena. Katika nchi ya shaba ya Katanga watu hao waliacha kizazi, na katika kizazi hicho alizaliwa, mwaka 1930, mpiga gitaa ambaye wasomi wa muziki wa Ulaya walimkalia chini wakamchambua nota kwa nota.

Huyo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Amefariki zamani, mwaka 1990, na vijana wengi wa leo hawamjui. Hata hivyo, yeyote anayetaka kuelewa kwa nini magitaa ya muziki wetu wa dansi hujibizana kama watu wawili barazani, hawezi kuikwepa habari yake.

Tuanze na asili yake, maana inagusa upande huu wa ziwa moja kwa moja.

Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi kutoka magharibi ya Tanzania ya leo walikwenda Katanga kufuata shaba na pembe. Njia zao hazikuwa moja. Zipo zilizovuka ziwa, na zipo zilizolizunguka kwa kusini. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa mzee Kalasa, na mwanawe, Ngelengwa, alibaki huko, akajenga nguvu kwa bunduki na kwa ndoa, akatawala nchi aliyoiita Garenganze kutoka mji wake wa Bunkeya. Dunia ilimfahamu kwa jina la Msiri. Watu wake wakaitwa Bayeke.

Utawala huo ulikwisha kwa risasi. Mwaka 1891 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma msafara ulioongozwa na Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Msafara ulitoka pwani, ukapita Tabora, ukavuka Ziwa Tanganyika kutokea Karema, kusini mwa hapa, ukafika Bunkeya. Desemba 20, 1891 Msiri alipigwa risasi akafa. Ufalme ukagawanyika, Wabelgiji wakaichukua Katanga na shaba yake yote.

Mwenda ni jina ambalo Msiri mwenyewe alikuwa nalo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa miaka 39 baada ya kifo cha mfalme yule alibeba katika jina lake kumbukumbu ya safari iliyoanzia huku kwetu.

Kuhusu lugha, wataalamu hawakubaliani. Wapo wanaosema Kiswahili cha Katanga kilipelekwa na misafara, Ujiji ikiwa moja ya milango yake mikubwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alipunguza uzito wa hoja hiyo. Alieleza kuwa Kiswahili cha migodini kilikuzwa hasa na mahitaji ya utawala wa kikoloni na makampuni, walipotaka lugha moja ya kuwaamuru wafanyakazi waliotoka kila upande. Huenda kila upande una sehemu ya ukweli. Lililo wazi ni kwamba Mwenda alipofungua kinywa kuimba, aliimba kwa Kiswahili, na mtu wa Ujiji, Mombasa au Kisumu aliweza kumfuata, ingawa kwa kutega sikio kidogo.

Katanga ya utoto wake ilikuwa nchi ya mitambo. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekusanya maelfu ya vibarua kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulizaliwa mwaka 1910. Jadotville, ambao leo ni Likasi, nao ulikua juu ya shaba. Katika makambi hayo watu wa makabila mengi waliishi ukuta kwa ukuta, na jioni kila mmoja alileta alichokuwa nacho: marimba ya vidole, zeze, ngoma, na taratibu likaingia gitaa.

Gitaa lilikuwa chombo cha mtu wa mjini. Lilibebwa begani, halikuhitaji kundi, na mtu mmoja aliweza kulipiga akitembea barabarani. Huku Afrika Mashariki magitaa ya aina hiyo yaliitwa galatoni, kutokana na Gallotone, jina la biashara la kampuni ya Afrika Kusini iliyouza sahani za santuri na magitaa pia. Si watu wengi wanaojua kwamba kijana John Lennon wa Liverpool, kabla ya kundi la Beatles kupata umaarufu, naye alijifunzia gitaa la Gallotone. Lakini hayo tuyaache.

Jambo la kuangalia ni jinsi Wakatanga walivyolipiga. Hawakulikwangua nyuzi zote kwa pamoja kama walivyofanya wapigaji wengi wa Kizungu waliowaona. Walitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: dole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafiti muziki wa Afrika, alionyesha uhusiano wa upigaji huo na marimba ya vidole, yale yanayoitwa likembe kwa upande wa Kongo na ilimba kwa upande wetu. Vidole vilikuwa tayari vina elimu kabla gitaa halijafika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno ambalo kwa wengi linasikika kama la darasani: kontapointi.

Neno hilo lina asili ya Kilatini na maana yake ni nukta dhidi ya nukta, kwa kuwa zamani nota ziliandikwa kama nukta. Katika muziki ni ufundi wa kuzifanya sauti mbili au zaidi ziende pamoja, kila moja ikiwa na wimbo wake kamili, bila moja kuwa mtumwa wa nyingine.

Msomaji anaweza kuuelewa ufundi huo kwa kulinganisha mambo anayoyasikia kila siku. Katika taarabu ya asili, fidla, udi, ganuni na mwimbaji kwa kiasi kikubwa hufuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Huo ni wimbo mmoja wenye mavazi mengi. Katika kwaya zetu nyingi za kanisani, soprano, alto, teno na besi hutamka neno moja kwa wakati mmoja, kila sauti ikiwa juu au chini ya mwenziwe. Huo ni upatanifu: watu wanne wanaotembea kwa hatua moja.

Lakini yupo mwalimu wa kwaya ambaye, ubeti ukifika katikati, huwanyamazisha watatu na kuwaacha besi waanze peke yao. Baada ya kitambo teno huingia kwa maneno yale yale, halafu alto, halafu soprano, na wale walioanza hawasubiri. Wanaendelea na jambo lingine. Kwa muda kanisa zima linajaa sauti nne zinazosema mambo manne, na bado halisikiki kama soko. Hiyo ni kontapointi.

Ulaya iliifanya kuwa sayansi. Mwaka 1725 Johann Joseph Fux wa Vienna alitoa kitabu cha kuifundisha, na kwa vizazi vingi wanafunzi wa utunzi walilazimika kupita humo, akiwemo Haydn na baadaye Beethoven. Kilichofundishwa kilikuwa kama sheria za barabarani: sauti mbili zisitembee sambamba kwa umbali fulani, mgongano wa nota uandaliwe kisha utatuliwe, moja ikipanda nyingine ikumbuke kushuka. Kilele chake wengi wanakiona kwa Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka 1750 akiacha mkusanyiko mzima uliojengwa juu ya wimbo mmoja mfupi unaojifukuza wenyewe kwa kila namna.

Kwa sababu ya historia hiyo, neno kontapointi lilifungiwa Ulaya. Muziki wa Kiafrika ulisifiwa kwa mdundo wake, na mara nyingi sifa hiyo ilikuwa njia ya adabu ya kusema kwamba hauna kitu kingine.

Mwaka 1952 ulileta ushahidi kinyume. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana na kuzunguka nchi nyingi na mitambo yake ya kunasia sauti, alifika Jadotville. Inasimuliwa kwamba alimkuta Mwenda barabarani akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 22. Tracey alimrekodi, na miongoni mwa vipande vya siku zile vilikuwemo Bombalaka na kile ambacho kingembeba jina lake kuzunguka dunia, Masanga.

Masanga kilipewa tuzo ya African Music Society kwa mwaka huo, kikatoka katika santuri, kikasambaa. Ni kipande kifupi, cha dakika chache kama ilivyolazimu sahani za mizunguko 78, na humo gitaa ndilo msemaji mkuu.

Anayekisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni watu wawili. Ni mmoja. Dole gumba halikai kazini kugonga nota ile ile ya chini ili kushika mapigo, kama ilivyo kawaida ya wapigaji wengi. Linatembea, linapanda na kushuka, lina wimbo wake. Juu yake kidole cha shahada kinaleta wimbo mwingine, mwepesi, ambao mara nyingi hauanzi pale unapoanza ule wa chini wala hauishii pale unapoishia. Wa juu ukipumzika, wa chini unajaza nafasi. Wa chini ukituama, wa juu unateleza mbele yake.

Kisha yapo mapigo. Katika ngoma nyingi za Kibantu sikio limezoea kusikia mawili na matatu kwa wakati mmoja: mguu wa mchezaji unahesabu hivi, mkono wa mpiga ngoma unahesabu vile, na hakuna anayeona ajabu. Mwenda alikihamishia kitu hicho ndani ya mkono mmoja. Ndiyo maana mpiga gitaa aliyefundishwa kwa kitabu anaweza kujifunza nota zote za Masanga kwa wiki moja na bado kisisikike kama Masanga. Nota ziko sahihi, lakini zimepangwa foleni moja badala ya mbili.

Akiimba, jambo linaongezeka. Sauti ya binadamu inakuja kama mtu wa tatu, nayo hailazimiki kukaa juu ya wimbo wa gitaa. Kwa mtu mmoja kuzigawa akili zake mara tatu namna hiyo, na kuifanya kazi hiyo ionekane kama mazungumzo ya jioni, si jambo dogo.

Mwanaisimu na mtaalamu wa muziki David Rycroft, aliyekuwa akifundisha London, aliona kwamba sifa za jumla hazitoshi. Mwaka 1961 na 1962 alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa sehemu mbili kuhusu ubunifu wa Mwenda katika gitaa, akiandika nota zake kwa mistari ya Kizungu ili kila asomaye aone kwa macho kinachofanyika. Kwa mpiga gitaa wa mitaa ya Jadotville kupewa heshima ya uchambuzi wa aina hiyo akiwa hai, tena akiwa na miaka thelathini na moja tu, lilikuwa jambo la nadra sana.

Wapo waliosita, na bado wapo wanaosita, kuliita jambo hilo kontapointi. Hoja yao ni kwamba Mwenda hakuwa na sheria za Fux, hakuziandika sauti zake, na muziki wake unazunguka juu ya kifungu kifupi kinachorudiwa badala ya kujenga jengo refu kama la Bach. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwenda hakuwa Bach, na kumwita Bach wa Katanga ni kumkosea heshima, kwa sababu ni kumpima kwa kipimo cha nguo aliyoshonewa mtu mwingine.

Lakini kama neno hilo linaeleza kitu, wala si cheti cha shule, basi kitu chenyewe kipo. Sauti mbili zinazojitegemea, zinazosikilizana, kila moja ikiwa na mwendo wake: hicho ndicho kinachosikika katika santuri ile ya mwaka 1952. Sheria nazo zilikuwapo. Hazikuandikwa kitabuni, zilikaa katika vidole na katika masikio ya watu wa kambini, ambao walijua mara moja mpigaji akikosea.

Wala haikuwa ajabu ya mtu mmoja. Katika jumba la Kabaka wa Buganda, marimba ya amadinda yenye mbao 12 yalipigwa na watu watatu. Wawili waliketi wakitazamana, kila mmoja akipiga wimbo wake kwa mapigo ya kawaida, nota za mmoja zikiingia katika nafasi za mwenziwe kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Wa tatu aliokota nota fulani katika mchanganyiko huo na kuzirudia kwenye mbao mbili za mwisho za juu. Kilichotoka kilikuwa nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji aliyekuwa akizipiga peke yake. Kubik alijifunza amadinda Kampala kwa mwalimu Evaristo Muyinda kuanzia mwaka 1959, na humo ndimo alimopata nadharia yake kuhusu nyimbo zinazozaliwa ndani ya sikio la msikilizaji. Kwa Mwenda, watu watatu wa amadinda walikuwa vidole viwili na koo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa kipindi. Alikuwa na kipindi chake cha redio, na ndugu yake Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine mashuhuri wa Katanga, naye alifanya kazi katika mji huo. Redio ilifanya kile ambacho santuri peke yake isingeweza. Vijana wa Kenya, hasa wa upande wa magharibi, waliokuwa tayari na mitindo yao ya kudonoa nyuzi, walimsikia mara kwa mara na kwa lugha wanayoielewa. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilimkubali kama mwalimu, bila ada na bila darasa.

Tanzania nayo haikubaki nyuma, ingawa hapa gitaa lilihamia upesi kwenye bendi za umeme. Katika bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kazi aliyoifanya Mwenda peke yake iligawiwa watu wanne: solo, solo ya pili, ridhim na besi. Sikiliza kipande chochote cha bendi hizo pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kubaki yenyewe. Hakuna anayempigia mwenziwe saluti. Kila gitaa lina neno lake, na utamu uko katika kupishana. Si haki kudai kwamba yote hayo yalitoka kwa mtu mmoja wa Jadotville. Kinshasa na Cuba zilichangia pakubwa. Ila masikio ya Afrika Mashariki yalikuwa yameshaandaliwa, na Mwenda ni mmoja wa walioyaandaa.

Mambo ya nchi yake hayakuwa tulivu. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitangazia kujitenga chini ya Moise Tshombe. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa wa ukoo wa Msiri. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Vita vya miaka ile na vile vilivyofuata viliwasukuma watu kuvuka ziwa kuja Kigoma, na hata baadaye, kuanzia mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilijaa Wakongo waliokimbia wakiwa na watoto, mabegi na mara nyingine magitaa. Ziwa lililopeleka watu mashariki hadi magharibi katika karne ya 19 lilikuwa sasa likiwarudisha.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani katika Tamasha la Newport, lililokuwa jukwaa kubwa kuliko yote la muziki wa asili nchini humo. Orodha ya mwaka huo ilikuwa na Muddy Waters, Joni Mitchell na kijana James Taylor. Tamasha lilimalizika Julai 20, siku ile ile ambayo Wamarekani wawili walitua mwezini, kwa hiyo haishangazi kwamba magazeti yalikuwa na habari nyingine za kuandika. Wapiga gitaa, hata hivyo, walimwona. Masanga kimeendelea kufundishwa na kupigwa Ulaya na Marekani na watu wasioweza kuionyesha Likasi kwenye ramani.

Hapa ndipo habari yake inapoanza kuuma. Mtu aliyechambuliwa London na kushangiliwa Newport hakuwa tajiri wa muziki. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na ajira za kawaida, ikiwemo katika shughuli za madini, na muziki aliufanya pembeni. Huko Lubumbashi aliongoza bendi, Super Shaba, wakati ambapo soko lilikuwa limetekwa na magitaa ya umeme ya Kinshasa na Kilingala chake. Gitaa kavu la vidole viwili lilianza kuonekana kama kitu cha wazee.

Siasa nayo ilimgusa kwa namna yake. Jadotville ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Likasi mwaka 1966. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliiita nchi Zaire na Katanga akaiita Shaba, na mwaka uliofuata raia walitakiwa kuyaacha majina ya Kikristo ya kigeni. Jean Bosco likawekwa kando. Mwanamuziki akawa Mwenda wa Bayeke. Kwa wengine amri ile ilikuwa usumbufu mtupu. Kwake iliweka hadharani jina la watu waliotoka Usumbwa na Unyamwezi karne moja na zaidi kabla yake.

Hata hivyo, hakusahauliwa kabisa. Mpiga gitaa wa Kiingereza John Low alifunga safari hadi Shaba kuwatafuta Mwenda, Masengo na wenzao ili ajifunze kwao ana kwa ana, na simulizi ya safari hiyo ilichapishwa Vienna mwaka 1982. Wasomaji wa kitabu hicho hukutana na mafundi waliokuwa bado na vidole vyepesi, lakini wakiishi katika nchi ambayo haikujua iwafanyie nini.

Ajabu moja ya muziki wake ni kwamba hakuwahi kuukubali ukae mahali pamoja. Masanga alikirekodi zaidi ya mara moja, na matoleo hayalingani. Vifungu vya msingi ni vile vile, lakini mpangilio wake, mahali pa kupumua na jinsi dole gumba linavyojibu hubadilika. Mwanafunzi anayetafuta toleo sahihi hatalipata. Rycroft aliliona hilo mapema, ndiyo sababu katika kichwa cha makala yake alichagua neno la kubuni papo kwa papo.

Mwenda wa Bayeke alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60. Miaka minne baadaye kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa albamu yake ya studio, kazi ya mtu mzima ambaye mikono yake haikuwa imesahau chochote. Sauti alizozinasa Tracey mwaka 1952, siku kijana yule wa miaka 22 alipoketi na gitaa lake Jadotville, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.